Mchezo Uliowacheka Wakubwa

Somo la kusikiliza na kusoma. Maneno haya yalisemwa katika redio, kisha yakapigwa chapa kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Mwalimu asome sehemu moja polepole, kisha wanafunzi wasome wenyewe kwa zamu.

Chukueni kalamu na daftari. Yako maneno machache nitakayowaomba myaandike.

Leo nataka kuwapa habari za kicheko. Labda mtasema, "Je, kucheka nako kunafundishwa?" Naam, kunafundishwa. Kiko kicheko cha mtoto anayetekenywa, na kiko kicheko cha mtu mzima aliyegundua ya kuwa mkubwa fulani, mwenye mavazi mazuri na maneno mengi, hana kitu ndani. Debe tupu haliachi kuvuma. Kicheko hiki cha pili kina akili, nacho hujengwa kwa ufundi kama nyumba inavyojengwa.

Uingereza ilikuwa na waandishi waliokijua sana kicheko hicho, wakakitia katika michezo ya kuigiza. Leo tutamtazama mmoja wao, jina lake Oscar Wilde. Tutausikia mchezo wake mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha nitawaeleza yaliyompata yeye mwenyewe, maana hayo hayakuwa ya kuchekesha.

Andikeni neno la kwanza: KEJELI. Kejeli ni maneno ya kumcheka mtu ambayo kwa nje yanafanana na sifa. Ukimwambia mvivu, "Pole kwa kazi," hiyo ni kejeli. Hukumtukana, lakini kila mtu amesikia.

Wakubwa wa London

Malkia Victoria alitawala Uingereza tangu mwaka 1837 hata alipofariki mwaka 1901. Wakati huo nchi yake ilikuwa na viwanda vingi, reli nyingi, na makoloni mengi ng'ambo. Katika mji wa London watu waliishi kwa madaraja. Juu kabisa walikuwako watu wa ukoo, wenye mashamba ya urithi na vyeo vya Lord na Lady. Wengi katika hao hawakufanya kazi yo yote kwa mikono yao. Chini walikuwako wafanya kazi wa viwanda, wachukuzi, na watumishi wa nyumbani. Mtumishi wa kike wa kawaida mshahara wake haukufika hata paundi 50 kwa mwaka. Shikeni hesabu hiyo, tutaihitaji mbele.

Watu wa juu walikuwa na sheria nyingi za adabu. Hazikuandikwa katika kitabu cha serikali, lakini kila mmoja wao alizijua. Nani amtangulie nani kuingia mezani. Bibi avae nini saa ya chai, na avae nini usiku. Nyumba ya mtu iwe mtaa gani. Msichana hakuolewa mpaka wazazi wake wamechunguza ukoo na mali ya mwanamume. Kuchunguza si kubaya, hata sisi wazee huuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Ubaya ulikuwa huu: mradi mtu alionekana mwema mbele ya watu, ya nyuma ya mlango hakuna aliyetaka kuyajua.

Andikeni neno la pili: UNAFIKI. Mnafiki ana nyuso mbili, mmoja wa barazani na mmoja wa chumbani.

Sasa, watu hao walipenda sana kwenda kutazama michezo. Waliketi katika viti vizuri vya mbele, vya bei kubwa. Watu wa kawaida walilipa kidogo, wakapanda ngazi mpaka juu karibu na dari. Na jambo la ajabu ni hili: wakubwa walitoa fedha zao wenyewe ili wakae pale wachekwe.

Hata hivyo, mwandishi hakuweza kusema lo lote alilotaka. Kwa sheria, kila mchezo mpya ulipelekwa kwanza kwa afisa wa jumba la kifalme, aitwaye Lord Chamberlain. Ofisi yake iliusoma, ikaukubali au ikaukataa. Sheria hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1968. Mwaka 1892 mchezo mmoja wa Wilde, uitwao Salome, ulikataliwa kwa sababu ulionyesha jukwaani watu waliotajwa katika Biblia. Basi mwandishi aliyetaka kuwaambia wakubwa ukweli, ilimpasa aupake ukweli asali, kama mama anavyompa mtoto dawa chungu.

Nitawapa mfano mmoja mfupi. Mwaka 1877 Waziri Mkuu wa Uingereza alimchagua bwana W. H. Smith awe waziri wa manowari. Bwana huyu alikuwa mfanya biashara wa vitabu na magazeti, wala hakuwa baharia. Mwaka uliofuata, 1878, Gilbert aliyetunga maneno na Sullivan aliyetunga muziki walitoa mchezo wa nyimbo uitwao H.M.S. Pinafore. Ndani yake yumo waziri wa manowari aliyeanza maisha kwa kung'arisha kitasa cha mlango wa ofisi. Akapanda cheo juu ya cheo, kwa sababu hakubanduka mezani pake wala hakuthubutu kwenda baharini. London nzima ikacheka. Waandishi hawakutaja jina la mtu, lakini watu walimtambua. Hiyo ndiyo kejeli: hutaji jina, ila kofia inamwenea mwenyewe.

Mtu kutoka Dublin

Oscar Wilde alizaliwa Dublin, katika nchi ya Ireland, mwaka 1854. Siku hizo Ireland ilitawaliwa na Uingereza. Baba yake alikuwa daktari mashuhuri wa macho na masikio, na mama yake alikuwa mwandishi. Alisoma Dublin, kisha akasoma Oxford, akahamia London. Alikuwa mrefu, mnene, mwenye kupenda mavazi mazuri na chakula kizuri, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko wa watu wote mezani. Wakubwa walimwalika nyumbani kwao ili wasikie mazungumzo yake.

Basi alikuwa mgeni aliyekaribishwa ndani. Mgeni huona mambo ambayo mwenye nyumba ameyazoea. Wilde aliketi, akala, akasikiliza. Kisha akarudi kwake akaandika.

Kati ya mwaka 1892 na 1895 alitoa michezo minne ya kuchekesha juu ya watu hao. Mmoja, uitwao An Ideal Husband, ulianza tarehe 3 Januari 1895. Ni habari za mwanasiasa ambaye nchi nzima inamsifu kwa uaminifu. Kumbe mali yake ilianza pale alipouza siri ya serikali juu ya hisa za mfereji wa Suez! Mwisho wa mchezo hafungwi. Anapewa cheo kikubwa zaidi. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Sijui wangapi walijiuliza usiku ule wamempigia nani makofi.

Lakini mchezo uliopendwa kuliko yote ulianza tarehe 14 Februari 1895, katika thieta ya St James's. Jina lake ni The Importance of Being Earnest. Jina hili lina mchezo wa maneno ndani yake. Ernest ni jina la mwanamume. Lakini liko neno jingine la Kiingereza, linalotamkwa vile vile ila huandikwa kwa herufi moja zaidi, na maana yake ni mtu asiye na mzaha, mwenye moyo wa kweli. Katika mchezo huu kila mtu analitaka jina hilo, wala hakuna anayesema kweli. Sikilizeni.

Mtoto wa mkobani

Yuko kijana mmoja, jina lake Jack Worthing, umri wake miaka 29. Anakaa shamba, katika nyumba kubwa. Ni mlezi wa msichana aitwaye Cecily. Mbele ya msichana huyo ni lazima awe mtu mzito, mwenye mfano mwema. Lakini amechoka na wema. Basi amebuni uwongo. Amesema ana ndugu mdogo London, mtukutu, jina lake Ernest. Kila akitaka kwenda mjini kustarehe husema, "Lo, ndugu yangu amejiingiza tena katika matata, lazima niende." Akifika London hujiita Ernest mwenyewe.

Rafiki yake Algernon naye si haba. Yeye amebuni rafiki mgonjwa anayekaa shamba, jina lake Bunbury. Akialikwa mahali asipopapenda husema, "Samahani, Bunbury yu mahututi." Basi mmoja hudanganya ili aende mjini, na mwingine hudanganya ili atoke mjini.

Mchezo unapoanza, Algernon anamngoja shangazi yake, Lady Bracknell, aje kunywa chai. Ameagiza vipande vya mkate vyenye matango ndani, maana shangazi anavipenda. Kabla shangazi hajafika, Algernon amevila vyote mwenyewe. Shangazi anapouliza, mtumishi anasema bila kupepesa macho kwamba sokoni hakukuwa na matango. Mnaona? Bwana mwongo amemfundisha mtumishi, na uso wa mtumishi ni mkavu kuliko wa bwana.

Jack anataka kumwoa Gwendolen, binti ya Lady Bracknell. Msichana amekubali, lakini sababu yake ni ya ajabu: anasema ameota siku zote kuolewa na mtu aitwaye Ernest. Jina lenyewe ndilo alilolipenda. Jack anatetemeka, maana hilo si jina lake.

Anaingia mama. Huyu Lady Bracknell ndiye mtu mkubwa katika mchezo. Anaketi, anatoa kidaftari na kalamu, anaanza kumhoji Jack kama karani wa polisi. Je, unavuta sigara? Jack anaungama kwamba huvuta. Mama anafurahi, maana kwake yeye uvutaji unatosha kuwa kazi ya mwanamume. Je, unajua mambo mengi, au hujui kitu? Jack anasema hajui kitu. Mama anafurahi zaidi. Mapato yako je? Jack anajibu: kati ya paundi 7,000 na 8,000 kwa mwaka. Kalamu inaandika haraka. Haya, ile hesabu niliyowaambia mshike: mtumishi asiyefikia paundi 50 angefanya kazi zaidi ya miaka 140 ndipo apate kipato cha bwana huyu cha mwaka mmoja. Na bwana huyu amekwisha kusema kwamba hajui kitu.

Mpaka hapo mambo yanakwenda vizuri. Kisha mama anauliza habari za wazazi. Jack anasema amewapoteza wote wawili. Mama anaona huo ni uzembe mkubwa; kupoteza mmoja labda ni bahati mbaya, lakini wote wawili! Ndipo Jack anaeleza ukweli. Hawajui wazazi wake. Aliokotwa akiwa mtoto mchanga, ndani ya mkoba wa ngozi, katika chumba cha kuwekea mizigo, stesheni ya Victoria, London. Mzee mmoja mwenye huruma alipewa mkoba huo kwa makosa badala ya wake. Akamlea mtoto.

Lady Bracknell anashtuka kama aliyekanyaga nyoka. Binti yake aolewe na mzigo wa stesheni? Anamshauri Jack ajitahidi kutafuta jamaa upesi iwezekanavyo, walau mzazi mmoja, wa kiume au wa kike, kabla miezi ya karamu haijaisha. Anaondoka kwa hasira.

Hapo watazamaji hucheka sana. Sasa simameni kidogo tufikiri. Tumecheka nini? Hatukumcheka mtoto aliyetupwa. Tumemcheka mama anayesema na mtu kuhusu wazazi wake kana kwamba ni kofia mtu aliyoisahau dukani.

Uwongo unavyokutana na uwongo

Sehemu ya pili ya mchezo iko shamba. Algernon amesikia habari za Cecily, akatamani kumwona. Anafika nyumbani kwa Jack na kujitambulisha kuwa ndiye Ernest, yule ndugu mtukutu. Cecily amempenda Ernest zamani, hata kabla ya kumwona. Katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku ameandika kwamba walichumbiana, wakaachana, wakapatana tena. Barua zote za mchumba amejiandikia mwenyewe.

Wakati huo huo Jack ameamua kumwua ndugu yake wa uwongo. Anaingia polepole, amevaa nguo nyeusi tupu za msiba, na kitambaa cheusi kofiani. Anatangaza kwa huzuni kwamba Ernest amekufa Paris kwa ugonjwa wa baridi. Wanamjibu, "Lakini yumo ndani, chumba cha kulia chakula!" Njia ya mwongo ni fupi.

Gwendolen naye anafika. Wasichana wawili wanaketi kunywa chai mbele ya watumishi, na kila mmoja anaamini kwamba ndiye mchumba wa Ernest. Hawawezi kugombana, maana watumishi wanatazama. Basi wanapigana kwa chai. Gwendolen anasema hataki sukari. Cecily anamtilia vipande vinne. Gwendolen anaomba mkate na siagi; Cecily anampa keki, kipande kikubwa. Na nyuso zao zinatabasamu. Mkitaka kuelewa unafiki wa adabu, kitazameni kikombe kile cha chai.

Sehemu ya tatu. Lady Bracknell anafika kumchukua binti yake. Anakuta Algernon, mwana wa ndugu yake, amechumbiana na Cecily. Anamtazama Cecily kwa dharau. Msichana wa shamba, nani anamjua? Anakaribia kuondoka. Ndipo Jack anasema polepole kwamba Cecily ana mali ya paundi 130,000.

Lady Bracknell anaketi tena. Anamtazama msichana mara ya pili. Ghafula anamwona mzuri! Anamwambia ageuke, aone uso wake upande mmoja na upande wa pili. Anaona kidevu chake kina heshima. Kidevu ni kile kile cha dakika moja iliyopita. Na mama huyu mwenyewe anaungama kwamba alipoolewa na Lord Bracknell hakuwa na mali hata kidogo.

Lakini mlezi wa Cecily ni Jack, na kwa wosia wa babu yake msichana huyo hawi mtu mzima mpaka afike miaka 35. Jack anakataa kutoa ruhusa, ila kama mama naye atamruhusu Gwendolen. Mtego umemnasa mtegaji.

Mwisho unakuja kwa ajabu. Yuko mwalimu wa Cecily, mwanamke mtu mzima aitwaye Miss Prism. Lady Bracknell anamtambua: ndiye yaya aliyepotea miaka 28 iliyopita, pamoja na mtoto wa dada yake! Yaya anaungama. Siku ile alikuwa na kigari cha mtoto, na mkoba wenye karatasi za hadithi ndefu aliyoitunga. Kwa kupotewa na akili aliweka hadithi ndani ya kigari, na mtoto akamweka ndani ya mkoba. Mkoba akauacha stesheni.

Basi Jack ni mwana wa dada ya Lady Bracknell. Ni kaka yake Algernon. Lakini aliitwa nani alipozaliwa? Wanasema alipewa jina la baba yake, aliyekuwa jenerali, wala hakuna anayekumbuka jina la baba. Jack anakimbilia rafu ya vitabu. Anachukua kitabu cha orodha ya maofisa wa jeshi. Anatafuta herufi M. Anapitisha kidole chini ya mistari. Na pale, limepigwa chapa, liko jina la baba yake: Ernest.

Ninyi mnaojifunza kusoma mtaelewa furaha ya kidole kile. Mtu aliishi miaka 29 bila kujua yeye ni nani, na jibu lilikuwa rafuni mwake, limeandikwa.

Maana yake nini

Sasa tuulize: ni nini kilichobadilika? Asubuhi Jack hakufaa kumwoa Gwendolen, jioni anafaa. Uso ni ule ule, tabia ni ile ile, mapato ni yale yale. Kilichoongezeka ni mstari mmoja wa jina katika kitabu. Wakubwa wale walipima watu kwa jina, mtaa, na mapato, wakasema wanapima heshima. Wilde hakusimama kuwahubiria. Alikiweka kipimo chao mbele ya taa, watu wakakiona jinsi kilivyo.

Na wakubwa wenyewe walicheka. Kwa nini? Nadhani kila mmoja alidhani ni jirani yake anayechekwa. Nyani haoni kundule.

Stesheni ya pili

Sasa nitawaeleza yaliyompata Wilde. Usiku ule wa tarehe 14 Februari 1895, bwana mmoja mkubwa, Marquess wa Queensberry, alitaka kuingia thietani ili amtupie mwandishi mboga. Polisi walizuia milango. Mwanawe, Lord Alfred Douglas, alikuwa rafiki mpenzi wa Wilde, na baba alikasirika sana. Siku nne baadaye aliacha kadi katika klabu ya Wilde, yenye maneno machache ya kumshutumu. Neno moja kubwa katika kadi ile Lord huyo aliliandika kwa makosa ya herufi.

Wilde akamshtaki mahakamani kwa kumvunjia heshima. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kesi ikamgeukia. Ilionekana kwamba alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na wanaume, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1885 ilihesabu jambo hilo kuwa kosa. Alikamatwa tarehe 5 Aprili. Tarehe 25 Mei 1895 akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na kazi ngumu.

Michezo yake miwili ilikuwa inaonyeshwa London wakati huo. Jina lake likafutwa katika matangazo, lakini michezo ikaendelea kwa muda, na fedha zikapokewa mlangoni. Watu walitaka kicheko chake bila jina lake. Je, Lady Bracknell mwenyewe angeweza kufanya zaidi? Mkewe, Constance, aliondoka Uingereza pamoja na watoto wao wawili, nao wakabadili jina la ukoo. Wilde hakuwaona tena watoto wake.

Mwezi wa Novemba mwaka ule alihamishwa kutoka gereza moja la London kupelekwa gereza la Reading. Alisimamishwa kwa muda wa nusu saa katika stesheni ya Clapham Junction, mvua ikinyesha, amevaa nguo za mfungwa, amefungwa pingu. Watu waliokuwa wakingoja garimoshi walimtazama, wakacheka. Walipojua ni nani wakacheka zaidi. Yeye mwenyewe aliandika habari hizo katika barua ndefu gerezani.

Fikirini, ndugu zangu. Miezi tisa kabla ya hapo alikuwa amewachekesha watu kwa habari ya mtoto aliyeachwa stesheni kama mzigo. Sasa yeye ndiye aliyesimama stesheni kama mzigo.

Alifunguliwa tarehe 19 Mei 1897, akaenda Ufaransa. Alifariki Paris tarehe 30 Novemba 1900, maskini, umri wake miaka 46. Mwaka 1967 Bunge la Uingereza lilibadili sheria ile kwa Uingereza na Wales, na mwaka 2017 sheria nyingine ikawasamehe maelfu waliokwisha kufa ambao walihukumiwa chini ya sheria za namna hiyo. Thieta ya St James's ilibomolewa mwaka 1957. Mchezo wenyewe haukubomoka. Ungali unachezwa na kusomwa, na jina la mwandishi limerudishwa mahali pake.

Basi kumbe viko vicheko viwili. Kimoja hupanda juu: mnyonge humcheka mwenye nguvu, ili amkumbushe kwamba naye ni mtu. Kingine hushuka chini: wengi humcheka mmoja aliyeanguka, aliyefungwa mikono. Cha kwanza kinahitaji akili na moyo wa ushujaa. Cha pili hakihitaji kitu, hata aliyengoja garimoshi anacho.

Safari nyingine utakapocheka, barazani au sokoni, jiulize kwanza: kicheko changu kinapanda au kinashuka?

Maneno ya kujifunza

Kejeli: kumcheka mtu kwa maneno yanayofanana na sifa.
Unafiki: kuonyesha wema kwa nje na kuficha mengine ndani.
Mlezi: mtu anayemtunza mtoto asiye wake.
Wosia: maneno ya mtu ya kugawa mali yake baada ya kufa.
Jukwaa: mahali palipoinuka ambapo wachezaji huigiza.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Jack alibuni ndugu, na Algernon akabuni rafiki mgonjwa?
2. Lady Bracknell alimwona Cecily mzuri lini? Kwa nini?
3. Wasichana wawili waligombana kwa njia gani mbele ya watumishi?
4. Taja tofauti ya kicheko kinachopanda na kicheko kinachoshuka. Toa mfano wako mwenyewe.
5. Andika mistari mitano: wewe ungemhoji mchumba wa mtoto wako maswali gani?

Haya, ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Yasomeni maneno haya mara mbili kabla ya somo lijalo, na aliyeelewa amsaidie mwenzake. Kwaherini.